Mashine Isiyoacha Nyayo

Saa mbili asubuhi, daktari wa upasuaji alifungua kompyuta atazame picha ya mgonjwa aliyekwisha kuchomwa sindano ya usingizi. Hakukuta kitu. Picha zote za eksirei za hospitali zilikuwa zimefutwa kwenye seva.

Saa nne, fundi wa seva, kijana waliyemwita Miwani, alikuwa amekalishwa kwenye chumba cha mitambo, pingu mikononi. Mkuu wake wa kitengo, ambaye pia ni mama yake mdogo, alisimama mlangoni akilia.

"Inspekta, huyu nimemlea mwenyewe," alisema. "Lakini logi, daftari la seva, haijui undugu. Wa mwisho kuingia kwenye seva jana ni yeye."

Inspekta, mwanamke asiye na haraka, aliinamia skrini. "Hii logi huandika kila anayeingia?"

"Kila mmoja," Miwani alijibu. "Na faiawoli, ule ukuta wa ulinzi, inaruhusu mashine mbili tu kuingia. Yangu, na ile ya uangalizi ofisini kwa mama mdogo. Ile kazi yake kubisha hodi kila dakika, kuona kama seva ingali hai."

"Mbona hizo hodi sizioni humu?"

"Zilikuwa zinajaza diski, tukaandika kichujio cha kuzitupa. Hodi tu. Mtu akiingia kupitia mashine ile, lazima aonekane."

"Hebu tuone. Mama, tufungulie ofisi yako."

Mkuu alivua ufunguo shingoni. "Uko mmoja tu, na hautoki mwilini mwangu hata nikilala. Kagueni mpaka mchoke."

Miwani aliketi kwenye mashine ya uangalizi na pingu zake, akaingia kwenye seva. Wakarudi kusoma logi.

Hakukuwa na kitu. Kama vile hakuingia kabisa.

"Haiwezekani!" Alifungua kichujio, pingu zikigonga kibodi. "Kimebadilishwa! Kinatupa kila kitu kinachotoka mashine ile. Haki ya Mungu, jana mchana hakikuwa hivi."

"Si kakibadilisha mwenyewe!" mkuu alidakia.

"Mama," Inspekta alisema taratibu, "mtu gani huyo afute nyayo za mashine yako, halafu za kwake aziache peupe?"

Kilio cha mkuu kilikatika hapo hapo. Hata uso hakuufuta.

"Mume wangu ndiye msoma picha," alisema. "Alikosea moja, mgonjwa akafa. Leo wakaguzi wangeiona. Ningefuta hiyo moja, wangejua. Nikafuta zote."

Miwani alimgeukia. "Na mimi je?"

"Wewe huna mke, huna mtoto. Ungefungwa, ungetoka."

"Na mama? Dada yako wa tumbo moja, ungemwambia nini?"

"Nilishampigia asubuhi. Nimemwambia ni wewe."

Inspekta alianza kufungua pingu. Miwani hakungoja mkono wa pili; wa kwanza ulipoachiwa tu, ukadaka simu.