Santuri kwa Mademoiselle Victorine

Saa sita ya mchana, mwaka 1957, nusu ya Élisabethville ilikuwa njiani kurudi kula, na nusu nyingine ilikuwa ikiipigia honi. Katikati ya vurugu hiyo Victorine alisimama kwenye dirisha la pembeni la duka la santuri. Waafrika walihudumiwa hapo. Mlango wa mbele ulikuwa wa Wazungu. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilojishonea mwenyewe, na kilemba cha njano. Alifundisha ushonaji kwenye foyer, nyumba ya masista ya kufundishia wanawake, nao walimtuma sindano za gramafoni.

Muuzaji, Liévin, hakumsikia. Mwenye duka, Mtaliano, alikuwa amekwenda kula, na Liévin alikuwa akisikiliza santuri alizozikuta nyuma ya kabati zikiwa na vumbi la miaka sita: opera ya kuchekesha ya Kiitaliano, iliyotungwa miaka mia mbili iliyopita. Wateja walitaka opera za watu kufa. Katika hii hakufa mtu, kwa hiyo haikununuliwa. Mwanamke aliimba mbiombio, mwanamume wa sauti nzito akajaribu kumjibu, akashindwa.

Dirishani mtu akacheka.

"Unacheka nini, Mademoiselle? Unasikia Kiitaliano?"

"Hata kidogo. Lakini ule mwanamuke iko anatukana muzee, na muzee iko analomba pardon. Si vile?"

"Njo vile kabisa. Ni mutumishi, anakatala kuolewa na docteur muzee."

"Basi rudisha mwanzo. Masista batangoja sindano yabo."

Liévin alimtazama vizuri. Miezi mitatu alikuwa akiisikiliza opera ile peke yake. Hata Mtaliano alisema ni upuuzi wa mababu. Sasa msichana ameielewa akiwa dirishani. Liévin akampenda papo hapo, na wala hakujaribu kujizuia.

Tangu siku hiyo sindano za masista zikawa zinaisha upesi mno.

"Allô, duka ya disques?"

"Njo hapa. Nani anasema?"

"Monitrice wa foyer. Tunalomba sindano."

"Ingine? Munazitafuna?"

"Usinichekeshe, Sista iko karibu. Mutumishi wako alikatala docteur, ao alikubali?"

"Kuya saa sita, utasikia mwenyewe. Nimepangusa face ya tatu ya disque, chérie."

"Chérie ni nani?"

"Ni ule mwenye kukuya saa sita."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwezi wa Agosti, Liévin alipoharibu. Rafiki yake Clovis alikuwa mtangazaji wa redio, katika kipindi cha salamu kilichosikika kila Jumapili kwa spika iliyofungwa kwenye mlingoti, poteau kwa wenyeji, katika uwanja wa Katuba, mtaa wa Waafrika. Mume alimtumia mkewe santuri, mjomba akamtumia mpwa aliyebatizwa. Msichana ambaye hajaposwa hakutajwa kamwe. Sheria hiyo haikuandikwa popote kwa kuwa kila mtu aliijua. Liévin pia aliijua, ila siku alipompa Clovis ile opera alikuwa akiiwaza santuri tu, jinsi watu wote watakavyoisikia hatimaye.

Mzee Floribert, baba yake Victorine, fundi wa reli, alikuwa ametoka misani na suti yake ya kijivu. Alisimama chini ya mlingoti na wenzake. Sauti ya Clovis ikatangaza: "Disque hii inatoka kwa Liévin, kwa Mademoiselle Victorine, binti ya muzee Floribert wa Katuba." Mara mwanamke wa santuri akaanza kumgombeza mzee wake kwa Kiitaliano, naye akaanza kubembeleza. Hakuna aliyehitaji tafsiri. Uwanja mzima ulicheka mpaka watu wakajifuta machozi, wengine wakalilia irudiwe.

"Floribert," rafiki yake mmoja alisema, "mukwe yako iko mu poteau."

Floribert alikwenda nyumbani na hakula.

Jumatatu Victorine alikuja dirishani macho yamevimba.

"Ulitafuta nini, Liévin?"

"Nilitaka bantu bote basikie."

"Basikie disque, ao basikie baba yangu anachekwa? Anasema Alhamisi napanda train, naenda Sakania kwa shangazi. Foyer imekwisha. Na pale Sakania iko muntu banataka anioe."

"Na weye unasema nini?"

"Nasema ulipashwa kubisha mulango wa baba mbele ya kubisha mu radio."

Akaondoka. Liévin aliuza santuri siku nzima bila kujua anauza nini.

Jumatano jioni alifika Katuba na mjomba wake Paulin, wakiwa na chupa ya divai na kitenge cha mama wa msichana. Floribert aliwaacha wamesimama uani.

"Tumekuya kubisha mulango," Paulin alisema.

"Mulango gani? Muliisha kuingia na poteau."

"Mutoto yetu alikosa, muzee. Njo maana leo tumekuya na miguu."

Majirani walikuwa wamejaa uzioni. Floribert akamwita bintiye, maana ndiyo desturi: zawadi haipokelewi mpaka msichana aulizwe. Akisema hawajui watu hawa, chupa inarudi, na kesho ni treni. Floribert alikuwa na hakika. Alimsikia Victorine akilia siku tatu.

"Unayua hawa bantu?"

Hasira Victorine bado alikuwa nayo, tusidanganyane.

"Nabayua, Baba. Liévin alikukosea, na nilimukasirikia juu yako. Lakini ile Jumapili nilikuwa ku mulango ya kanisa, na wakati jina yangu ilitoka, nilifurahi. Nilisikia haya juu ya kufurahi, njo maana nililia. Minamupenda. Yeye alisema mbele ya bantu, na mie minasema mbele ya bantu."

Floribert akaiangalia ile chupa, kisha akamwambia mkewe aiingize ndani.

"Leta kiti ya Paulin," akasema. "Huyu mwingine asimame. Jumapili alinisimamisha mie chini ya poteau."

Liévin akasimama. Victorine akaenda kusimama kando yake, na baba yake akajifanya hajaona.