Alimvulia Pasipoti Kilemba

Mke wangu alivua kilemba mbele ya mwanaume mwingine. Nimeona kwa macho yangu haya mawili, kupitia upenyo wa pazia!

Tulieni niwasimulie.

Mimi ni mpiga picha wa harusi. Mwanaume huyo ana kibanda mkabala na studio yangu, anapiga picha za vitambulisho tu, ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Pasipoti. Kwake hata bibi harusi anatoka kama mtuhumiwa.

Sasa jamani... mke wangu anatibiwa saratani ya titi. Tangu dawa zimpukutishe nywele, mimi mumewe sijakiona kichwa chake. Analala na kilemba. Anaoga kajifungia kwa komeo. Nikimgusa, anageukia ukutani.

Halafu amvulie Pasipoti?

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakaziba. Nikavuta pazia la kibanda.

Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kichwa wazi, blauzi imeshushwa bega moja, kovu la kifuani lote nje. Pasipoti aliweka kamera mezani, akasema yeye kaombwa tu, akatoka kabla hajaulizwa.

"Una mume mpiga picha," nikamwambia. "Umekosa nini kwangu?"

Hakujifunika. Alichukua simu, akanionyesha picha niliyompiga wodini siku ya dawa ya nne. Niliirusha kwenye grupu la familia, mashangazi wote wakaisifu.

"Huyu nani?"

"Wewe."

"Dripu iko wapi? Kucha nyeusi ziko wapi? Na haya mashavu ya harusi umeyatoa wapi, mume wangu?"

Ndugu zangu, kulainisha picha ndiyo kazi inayonilisha. Nafuta chunusi, nafuta makunyanzi, nafuta hata mashemeji wasiotakiwa. Nilidhani namsitiri.

"Pasipoti hajui kufuta," akasema. "Na hizi picha zilikuwa zako."

"Zangu?"

"Nilitaka unione kwanza kwenye karatasi. Nikuangalie usoni ukiziangalia. Ningeona umevumilia, ningevua na nyumbani."

Nililia, wakuu. Nililia kwenye kibanda cha mshindani wangu, chini ya taa yake mbaya ile.

Kisha nikaichukua kamera yake. Mke wangu akainua kidevu, nikapiga. Ilitoka na ukungu kidogo, na sijaigusa mpaka leo. Kwa ruhusa yake nimeitundika kwenye dirisha la studio, katikati ya mabibi harusi. Mteja akiuliza mbona huyu sijamsafisha, namwambia yuko safi.

Wanaume wenzangu, kabla hujauliza mkeo kamvulia nani, jiulize wewe ulimtazamaje.

Nyumbani kilemba sasa kinakaa msumarini. Lakini sitawadanganya, wivu kwa Pasipoti bado ninao. Kichwa cha mke wangu, yeye ndiye aliyekiona kwanza.