Sahihi Tatu

Foleni ya usajili ilizunguka jengo zima, na jua la saa sita halikuwa na huruma na mtu. Msichana wa sketi ya bluu, mwanafunzi mpya wa uuguzi, alikuwa ameinamia fomu yake aliposikia kicheko nyuma yake.

"Samahani dada, hiyo ni sahihi au kuku amekanyaga wino?"

Akageuka tayari kumpasha. Akakutana na kijana mrefu kama nguzo, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe.

"Ya kwako ndiyo nzuri?"

"Mbaya! Ila ya mtu naiiga vizuri." Akaichora sahihi ile kiganjani mwake, mkia kwa mkia. Msichana akacheka hadi akasahau miguu inavyomuuma.

Darasa zima lilimwita Mrefu. Alikuwa anarudia mwaka wa kwanza, akikaa kiti cha nyuma ya msichana, na ndiye aliyemfundisha kila kitu: kupima presha bila kutetemeka, mwalimu gani haulizwi swali. Alimwita "Mgeni wangu" hata baada ya miezi mitatu, hata siku aliyomshika mkono nyuma ya maktaba na kumwambia, "Mimi kwako nimekwisha."

Kisha baba yake msichana akafa. Msichana akaacha barua ya ruhusa kwa mlezi wa wanafunzi, akakimbilia nyumbani huku akili haipo. Mrefu akampigia.

"Pole, mpenzi. Usiwaze darasa, mimi nipo."

Msichana alidhani ni maneno ya kumfariji tu. Kumbe siku tatu mfululizo, kila daftari la mahudhurio lilipopita, Mrefu aliichora ile sahihi. Balaa gani hili! Mtu ana ruhusa ofisini, na darasani amehudhuria.

Sheria walisomewa siku ya kwanza. Anayesainiwa hufukuzwa, isipokuwa akimtaja aliyemsainia. Aliyesaini akijisalimisha husimamishwa muhula mmoja. Akitajwa kabla hajajisalimisha, anafukuzwa moja kwa moja.

"Ama ulidanganya msiba, ama umesainiwa," alisema mkuu wa chuo. "Kesho saa tatu uwe hapa. Ikifika saa nne sijapata jina, fungasha."

"Nitakuja mwenyewe," Mrefu alimwambia kwenye simu. "Nakuomba usinitaje."

"Saa nne, Mrefu."

"Nisipofika niite mbwa."

Kesho yake saa nne kasoro dakika tano, msichana bado yumo ofisini. Mkuu alimruhusu kupiga simu. Haipatikani. Akapiga tena mara nne, haipatikani. Amenitoroka, alijisemea. Akamkumbuka baba kitandani, "Hata nikifa, wewe soma." Akajiona anaingia nyumbani na sanduku, mama bado kavaa nguo za msiba. Mkuu akatazama saa.

Msichana akalitaja jina la Mrefu lote, mpaka la babu yake.

Alipofungua mlango kutoka, Mrefu alikuwa kwenye benchi la ukutani, shati jeupe, barua ya kujisalimisha mkononi.

"Nipo hapa tangu saa tatu na nusu. Karani kasema nisubiri, ndani kuna mtu."

"Simu yako..."

Mrefu akaonyesha tangazo juu ya kichwa chake: ZIMA SIMU. "Umeshanitaja?"

"Nimekutaja."

Msichana akarudi ndani mbio, akalia, akapiga magoti. Mkuu akasema jina limeshaandikwa. Alipotoka tena, barua ilikuwa imeshakunjwa na kutiwa mfukoni.

"Nilikuwa na ruhusa, Mrefu! Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa unamlilia baba. Ningekuuliza nini?" Akamfuta machozi kwa kiganja kilekile. "Soma, Mgeni wangu."

Jumatatu daftari la mahudhurio likamfikia msichana. Jina la Mrefu lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Akasaini mbele ya lake, ile sahihi yake mbaya, kisha akageuka kumpa wa nyuma kama alivyozoea. Kiti kilikuwa kitupu.