Bahasha ya Nuala Hennigan

Saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumatatu, katika Kituo cha Fasihi cha Ballyvarra, katibu Attracta Foyle alifungua bahasha ya Nuala Hennigan akakuta karatasi kumi na mbili nyeupe, hazina hata nukta. Aliketi sakafuni na sketi yake nzuri. Hapohapo sakafuni akawapigia polisi.

Sajini Fidelma Crehan alifika saa tatu na nusu, mvua ikimchuruzika kofiani. Hakuwa mtu wa hadithi. Mara moja tu, mwaka jana, mama yake alimburuta kituoni hapo kumsikiliza Nuala akisoma habari za Bríd, msichana wa shambani aliyepanda meli kwenda Boston. Mwishoni Bríd alipunga leso mpaka bandari ikapotea. Ukumbi mzima ulilia, na Sajini naye alipenga kamasi akasingizia mafua.

"Nieleze taratibu," alimwambia Attracta.

"Aliileta mwenyewe Ijumaa, saa kumi jioni. Hadithi ileile ya Bríd, kaiandika upya yote kwa ajili ya shindano. Kwa mkono, Sajini, nakala hana. Kompyuta kwake ni shetani. Alizitia kurasa bahashani mbele yangu, akaibandika, nikaifungia kabatini. Jumamosi kiharusi kikamwangusha. Mkono wa kulia umekufa. Hataandika tena hata orodha ya sokoni." Attracta alifuta macho. "Hata siku nilipomzika mume wangu Tom, Mungu amrehemu, sikulia hivi."

Kabati halikuvunjwa. Ukingo wa bahasha ulikuwa umejikunja, kama karatasi iliyopigwa na mvuke. Funguo zilikuwa tatu: wa Attracta, wa Conor Tynan, mwandishi wa miaka arobaini aliyepewa chumba cha juu, na wa mkurugenzi Malachy Geraghty.

Sajini alianza na Conor.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Muuza mikate alikuona ukitoka hapa saa nane mchana, umeficha kitu kotini."

Conor aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Ni hadithi yangu mwenyewe. Nilitaka kubadili mwisho."

"Siku ya mwisho ya kupokea si ilikuwa Ijumaa?"

"Ndiyo maana nimedanganya." Akatoa kurasa zake mkobani, zimejaa mistari mipya ya wino. "Yule bibi hunishinda kila mwaka, sikatai. Lakini nimuibie? Angenichapa kwa fimbo yake, na mama yangu angemshikia koti achape vizuri."

Sajini alizisoma zote. Ilikuwa hadithi ya ng'ombe, tena mbaya. Alimwacha aende zake.

Saa nne na nusu aliingia kwa Malachy. Huyu ndiye aliyewafundisha nusu ya jimbo kuandika, na ndiye aliyeipeleka hadithi ya kwanza ya Nuala kwa wachapaji. Birika lilikuwa likichemka kando ya meza yake. Alimkaribisha Sajini chai. Sajini alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea, kama alivyolelewa.

"Wewe uliisoma hadithi hii mpya?"

"Hata jalada sijaliona. Mimi husubiri majaji kama watu wengine. Ninayoijua ni ile ya mwaka jana, uliyoisikia nawe." Alikoroga chai yake muda mrefu. "Maskini Nuala. Miaka miwili kaishi na Bríd, Mungu amrehemu binti yule, halafu mtu anakuja kumpokonya hivihivi."

Kuna kitu kilimkwaruza Sajini sikioni, asijue ni nini. Alimaliza chai akaenda hospitali.

Saa sita mchana alikuwa kando ya kitanda cha Nuala. Mdomo wa yule bibi ulikuwa umekwenda upande, na kila neno alilitoa kwa jasho.

"Hakwenda Boston," alisema Nuala.

"Nani, mama?"

"Bríd. Mwaka jana niliogopa. Safari hii nimesema. Alikufa kabla ya meli."

"Nani anajua kwamba umebadilisha?"

"Bahasha tu."

Sajini alikumbuka maneno ya Malachy. Ballyvarra humwombei rehema mtu aliye hai, huko ni kumtakia kaburi. Lakini ukimtaja mfu, ulimi humwombea wenyewe, kama mkono unavyopiga ishara ya msalaba ukipita kanisani. Alikuwa amemheshimu Malachy tangu utotoni, na alitamani awe amekosea.

Saa tisa aliwakusanya watatu wale kwenye ukumbi wa kusomea.

"Bwana Malachy, asubuhi ulimwombea rehema Bríd."

"Ni mtu wa hadithini tu, Sajini."

"Najua. Mwaka jana tulimwacha melini, mzima, anapunga leso. Nani alikwambia amekufa?"

Attracta alimgeukia bosi wake wa miaka ishirini na miwili. "Malachy, sema si wewe. Sema basi."

Malachy alikalia kiti kilichokuwa karibu.

"Ijumaa nilishindwa kungoja. Nampenda Nuala anavyoandika. Ulipoondoka, Attracta, niliifungua kwa mvuke wa birika, nisome tu, niibandike tena." Alimgeukia Sajini. "Bríd ni Delia, shangazi yangu. Nyumbani tuliambiwa yuko Boston. Kila Krismasi nikiwa mtoto nilimwashia mshumaa dirishani. Kumbe alidai sehemu yake ya shamba, na baba akampiga koleo, akamzika chini ya mitufaha. Nuala alikuwa na miaka kumi na mitano, amejibanza nyuma ya ua. Yote kayaandika."

"Ukaamini?"

"Baba, Mungu amrehemu, hakuruhusu pale pachimbwe hata shimo la kuzikia mbwa. Na nyumba ile ndiyo ninayoishi."

Conor alivua kofia. Attracta alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Umeichoma?" aliuliza Sajini.

"Nilitia karatasi nyeupe bahashani, hadithi nikaenda nayo mpaka jikoni kwangu, moto unawaka. Nikashindwa." Aliinuka akaenda kwenye rafu ya hadithi zilizoshinda, jalada moja kwa kila mwaka. Jalada la mwaka huu lilikuwa tayari mahali pake. Alilikabidhi kwa mikono miwili. "Miaka yote nawaambia watu semeni kweli. Sikujua itakuja kubisha kwangu."

Sajini alimkabidhi kwa askari aliyengoja mlangoni, akaagiza watu wa kuchimba waende shambani kwa Geraghty, kisha akarudi hospitali. Alimsomea Nuala kurasa zote kumi na mbili. Alipomweleza nani alizichukua, yule bibi alifumba macho.

"Nilimwandikia yeye," alisema. "Aliniambia niseme kweli. Nilidhani yuko tayari." Akapumzika kidogo. "Kasemaje?"

Sajini hakuelewa. Nuala aliinyooshea kidole karatasi ya mwisho. Hapo chini, pembeni, Malachy alikuwa ameandika maoni yake kwa penseli, kama alivyozoea kuwaandikia wanafunzi wake wote: *Mwisho usiguswe.*