Dawa Iliyojaribiwa kwa Panya

Yasini anatengeneza mota za mitumbwi mjini Baraka. Mke wake, Mwanahamisi, anaanika ndagala, wale dagaa wadogo, kando ya ziwa. Binti yao, Nadia, ana miaka kumi na miwili. Alichelewa kusema, na masomo hayamwingii haraka. Mjomba wake, kaka wa Mwanahamisi, yuko vilevile tangu utoto.

Siku moja Yasini alisikia redioni kwamba watafiti wametibu panya waliozaliwa na shida ya akili ya kurithi. Waliwapa dawa za jamii ya vitamini, na panya wakaanza kukumbuka. Yasini hakungoja habari iishe. Alinunua vidonge vya vitamini, akampa Nadia viwili kila siku. Alipoona hakuna mabadiliko, akaongeza vikawa vinne, kisha sita. Juma la pili Nadia alianza kutapika na kukataa chakula.

Mwanahamisi alimpeleka kituo cha afya. Yasini akawafuata, mikono ikiwa bado na mafuta ya mota. Muuguzi Dorothée alimpima Nadia, akaviangalia vile vidonge, akasema viachwe siku ileile. Hakumkaripia Yasini. Alimuuliza tu alichosikia.

Yasini naye alikuwa na maswali. Panya hasemi, anaonyeshaje kwamba anakumbuka?

Dorothée alieleza kwamba panya anawekewa vitu viwili, anavinusa. Baadaye kimoja kinabadilishwa. Panya anayekumbuka anakinusa zaidi kile kipya, maana cha zamani anakijua. Yasini akauliza tena: na dawa inafanya nini? Mwili ukifanya kazi, muuguzi alisema, unatoa uchafu mdogo unaoweza kuumiza ubongo. Dawa ile inaupunguza.

"Kama ilisaidia panya, juu ya nini haisaidie mutoto wangu?" Yasini aliuliza.

"Pengine siku moja itasaidia," Dorothée alijibu. "Lakini muntu haiko panya. Kwanza baganga ba hospitali banapaswa kuijaribu kwa bantu, polepole, mpaka kipimo yake ijulikane. Hata vitamini, ikizidi, inaumiza."

Ndugu za Yasini walishasema kwamba Mwanahamisi ndiye aliyeleta balaa nyumbani. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni mimi nilimuletea hii?"

"Hapana, mama. Inapita mu familia, sawa vile sura inapita. Haiko kosa ya muntu."

Mwanahamisi alifuta macho, kisha akauliza wafanye nini leo. Dorothée aliwaambia wamfundishe Nadia kazi moja tu, hatua moja moja, saa ileile kila siku, na wamsifu akifaulu. Shule asiache.

Walianza na ndagala. Siku tatu alijifunza kutandika mkeka tu. Juma lililofuata, kumwaga samaki. Kisha kuwatawanya, na kuwageuza ili wakauke pande zote. Mara nyingine alisahau, wakarudia.

Mwezi wa tatu tangu waanze, Yasini alitoka kazini akapita njia ya mkato, akakaribia mkeka uliojaa ndagala. Nadia alimwekea mkono kifuani.

"Baba, usikanyage," alisema. "Bado sijageuza."

Yasini akauzunguka mkeka.