Mina Arudishiwa Maharage

Asubuhi ya Mabatini, mtaa wa Mwanza, huanza na fagio. Paskazia alifagia uwanja, akawasha jiko la mkaa, akabandika chai. Kisha akamimina dagaa kwenye ungo, akawapepeta na kutoa mchanga. Kuuza dagaa ndiyo kazi yake. Mumewe, Shigela, yuko mgodini Geita, hurudi mwisho wa mwezi.

"Mina! Amka, chai tayari."

Binti yake alitoka ndani akijikuna. Mina alikuwa na miaka sita. Ngozi yake kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti ilikuwa nyeusi, ngumu, imechubuka. Vidole vimepasuka, vinatoa majimaji. Kikombe alikishika kwa viganja viwili, vidole vimenyooka juu, visiguse kitu.

Mwezi wa kwanza Mina alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Lakini akipewa penseli, huandika herufi moja tu, kisha huiweka chini na kulia. Mwalimu wake wa darasa la awali alikuwa amesema kwa upole, "Mama Mina, vidole hivi visipopona, labda asubiri mwaka mwingine."

"Hatasubiri," Paskazia alijibu. Na Paskazia akishasema, hata Shigela huacha kubishana.

Basi akaingia vitani. Jirani mmoja alimwambia mayai yanawasha. Mayai yakatoka. Muuza mkaa akasema maharage yanachemsha damu. Maharage yakatoka. Mwingine akamcheka: "Wewe unauza dagaa, na hao dagaa ndio wanaomla mwanao!" Dagaa wakatoka, tena kwenye nyumba ya muuza dagaa. Maziwa yakafuata, na mboga za majani nazo zikafuata. Mwisho Mina akabaki na ugali wa sembe kwa mchuzi wa nyanya, maandazi, na chai ya rangi.

Tena kila vidole vilipotoa majimaji, Paskazia alikwenda dukani kununua rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki vyenye ganda la rangi mbili. Kimoja Mina alimeza. Kingine kilifunguliwa, unga wake ukanyunyizwa kwenye vidonda. Vidonda vikikauka, dawa inaachwa. Vikirudi, dawa inarudi. Na vilirudi kila mara.

Siku moja mama mkwe wake, Bibi Bernadeta, alifika kutoka Kwimba. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na fungu la majani makavu ya kunde.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mayu," bibi aliitika, akimwita mama kwa Kisukuma. "Yuko wapi mjukuu wangu? Njoo, Mina, onja maziwa."

Mina alikimbia. Paskazia akamdaka mkono.

"Mama, nisamehe. Maziwa hali."

"Hali maziwa? Msukuma huyu?"

"Yanamwasha."

"Umeona yakimwasha?"

"Watu wamesema."

"Na michembe?"

"Hali."

"Kunde?"

"Hali."

Bibi Bernadeta aliketi kwenye kigoda. "Basi niambie anachokula, nikuhesabie kwa kidole kimoja."

Paskazia aliingia ndani, akachukua kidonge, akakifungua juu ya vidole vya Mina. Mtoto alikuwa amezoea, akanyoosha mikono mwenyewe. Wakati huohuo jirani yao wa chumba cha pili, Dorcas, alipita akitoka kazini. Dorcas ni mtu wa Rorya, muuguzi wa kituo cha afya. Kwa sababu ya zamu, huwa haonekani sana uwanjani.

"Shikamoo, mama," alimsalimia bibi. Kisha akaona unga. "Mama Mina, hiyo rangi mbili nani kakuandikia?"

"Nimejiandikia mimi. Wewe unashinda kazini, mimi nashinda na mtoto anayejikuna."

"Hapo umesema kweli. Basi kesho niko zamu ya asubuhi. Mlete. Na mwambie tabibu vyote unavyompa, usifiche."

Kesho yake walikwenda. Tabibu alimkagua Mina, akauliza kama kuna mtu wa ukoo mwenye pumu au mafua yasiyoisha. Alisema huo ni ugonjwa unaoitwa pumu ya ngozi. Hauambukizi. Si laana, wala si uchafu. Vidole vilikuwa vimepata vijidudu vibaya, kwa hiyo aliandika dawa sahihi, ya kumaliza yote hata kidonda kikikauka. Akaandika na krimu ya kupaka kidogo, kwa siku alizoelekeza tu.

"Na chakula gani kinamdhuru?" Paskazia aliuliza.

"Wewe umeona kipi? Midomo kuvimba, kutapika, kuhema kwa shida baada ya kula?"

"Hapana. Sijaona hata kimoja."

"Ukiona dalili hizo, kimbia hospitali. Kama hujaona, umemnyima bure."

Paskazia alitoka pale amenuna. Alikuwa amejitahidi sana, na sasa anaambiwa bure! Jioni alimsubiri Dorcas mlangoni.

"Haya, nieleze. Maharage na vidole vinahusiana nini?"

Dorcas alivua viatu, akaketi mkekani na Bibi Bernadeta.

"Ndani ya utumbo wetu wanaishi bakteria. Ni wadogo, hawaonekani kwa macho, na ni wengi kuliko watu wote wa Mwanza."

"Mungu wangu! Basi nipe dawa ya minyoo."

Dorcas akacheka. "Si minyoo. Wengi wao ni wema. Wanafanya kazi, na mfanyakazi lazima ale. Wanakula nyuzinyuzi, yale makapi ya chakula ambayo tumbo letu haliwezi kuyasaga. Yako kwenye maharage, kunde, mboga za majani, michembe, na ugali wa dona. Sembe imekobolewa, makapi yake yamebaki mashineni."

"Mashineni wanalisha kuku," alisema Bibi Bernadeta.

"Kuku wanafaidi, mama. Sasa, mnajua maziwa yanavyochachuka kibuyuni?"

"Hilo unaniuliza mimi?" bibi alisema. "Yanageuka yenyewe, yanakuwa makali."

"Yanageuzwa na bakteria. Wanakula sukari ya maziwa, wanatoa asidi. Na wale wa tumboni wakila nyuzinyuzi, wanatoa asidi za namna yao. Asidi hizo zinaingia kwenye damu. Mwili una askari wake, ndiyo kinga. Asidi zile zinawasaidia askari kutulia na kumtambua adui wa kweli. Askari asiyefundishwa anampiga kila anayepita. Kwenye pumu ya ngozi askari wamechachamaa, na ukuta wa ngozi una nyufa. Asidi hizo zinasaidia hata ukuta kujengeka."

Paskazia alitazama ungo wake. "Kwa hiyo mimi nimewanyima chakula wafanyakazi."

"Ndiyo. Na rangi mbili ikawafuata humohumo. Antibiotiki haichagui. Inaua wabaya na wema pamoja."

Paskazia akauliza, "Nikimlisha atapona?"

"Sikudanganyi. Wataalamu bado wanachunguza. Pumu ya ngozi hutulia, halafu huweza kurudi. Chakula peke yake si dawa. Lakini chakula, mafuta, na dawa ya tabibu, vyote pamoja, vinasaidia."

"Niambie la kufanya. Lote."

Dorcas akamwambia. Amwogeshe Mina kwa maji ya uvuguvugu, asimsugue. Sabuni isiyo na manukato. Amkaushe kwa kumgusagusa na kitambaa, na ngozi ikiwa bado na unyevu ampake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kucha ziwe fupi. Chakula arudishe taratibu, kimoja kwanza, aangalie, kisha kingine.

"Na maziwa yangu?" Bibi Bernadeta aliuliza.

"Mazuri sana, mama. Ila yachemshwe kwanza. Yakipoa yakabaki vuguvugu, unatia kijiko cha mgando wa jana, kwenye kibuyu safi."

"Sisi tumekunywa mabichi na tumekua!"

"Wapo waliopata homa ya mifugo na kifua kikuu, mama. Hao hawapo hapa kutuambia."

Bibi alikunja uso. Lakini maziwa yaliyofuata yalichemshwa, tena yeye mwenyewe ndiye aliyekoka moto.

Maharage yalirudi kwanza. Mina alikula, tumbo likajaa gesi, akaambiwa ni wafanyakazi wanaamka. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha zikaja kunde kavu, dona, michembe ya kuchemsha, dagaa, na mayai. Hakuna kilichomvimbisha midomo.

Wiki zikapita. Vidole vikaanza kuziba. Halafu ukaja upepo mkavu, na mikunjo ya mikono ikawaka tena. Usiku mmoja Mina alijikuna mpaka damu. Asubuhi Paskazia alijikuta amesimama mbele ya duka la dawa.

"Rangi mbili kama kawaida?" muuzaji aliuliza.

Paskazia alishafungua pesa kwenye fundo la kanga.

"Hapana. Nipe mafuta ya mgando, lile kopo kubwa."

Alimrudisha Mina kwa tabibu. Akarudi na krimu ileile, na maelekezo yaleyale. Akapaka, akalisha, akasubiri. Muuza mkaa alimwambia maharage yamerudisha ugonjwa. "Maharage ndiyo kwanza nimeyaongeza," Paskazia alimjibu, akaendelea kuchambua.

Shule ilipofunguliwa, Mina alikwenda. Ngozi haikuwa laini kama ya watoto wote. Nyuma ya magoti bado kulikuwa na weusi. Lakini vidole vilikuwa vizima, na jina lake aliliandika lote mbele ya mwalimu mpya.

Jioni ile alirudi akiwa mweupe mikono mpaka viwiko.

"Nini hiyo?" Paskazia alishtuka.

"Chaki. Mwalimu kanipa kazi ya kufuta ubao."

"Chaki inakausha ngozi! Kesho nakuja kumwambia akutoe."

"Usije, mama." Mina alikwenda kwenye ndoo, akanawa taratibu, akajikausha kwa kugusagusa, akachota mafuta na kujipaka kidole kimoja kimoja. "Nikifuta, nanawa. Nikinawa, napaka. Na kesho nitafuta tena."

Paskazia alimtazama, akatambua maneno hayo kayarithi kwa nani. Akafunua sufuria, akampakulia kunde.