Doa Halipikwi

Nyumba ile huamshwa na mlio wa cherehani. Kaka mtu ni fundi wa nguo, na cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Mama yuko jikoni, anachemsha chai. Na kitinda mimba wa nyumba, ambaye watu wote humwita Kitinda, ana pasi mkononi. Ananyoosha sare yake ya kazi.

Sare yenyewe ni nyeupe. Si nyeupe ya kubabaisha, ni nyeupe pe. Koti jeupe, suruali nyeupe, kofia nyeupe, mpaka buti. Kitinda anafanya kazi katika kiwanda cha maziwa, na msimamizi wa hapo ana msemo wake: "Palipo peupe, uchafu hauna pa kujificha."

"Ukipita barabarani hivyo," kaka yake humtania, "watu wanadhani chupa ya maziwa imeota miguu."

"Afadhali chupa," Kitinda humjibu. "Wewe una nyuzi mpaka kwenye nyusi."

Kazi ya Kitinda ni kupima maziwa. Wafugaji wakileta makopo yao, yeye huchota kidogo, hutia kwenye kipimio cha kioo, kisha husema kama maziwa ni safi au yametiwa maji. Humdanganyi. Wako wafugaji waliojaribu, wakarudi na makopo yao wakitazama chini. Kazi ile aliipenda kwelikweli, wala hakuficha.

Ila alikuwa bado kwenye majaribio ya miezi mitatu, na hapo ndipo penye shida.

Kila alipoingia mwezini, Kitinda hakwenda kazini siku mbili. Aliogopa kuichafua ile nyeupe mbele ya watu. Alituma ujumbe tu: "Tumbo linaniuma." Mama yake alimuunga mkono.

"Kaa ndani mpaka damu ipungue," mama alisema. "Ndivyo tulivyofanya sisi."

Jumatatu moja msimamizi alimwita pembeni.

"Kazi unaijua," alisema. "Pengine kuliko waliokutangulia. Lakini ndani ya miezi miwili umekosa siku nne. Ijumaa majaribio yako yanakwisha. Ukikosa hata siku moja wiki hii, sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

Kitinda akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akahesabu kwa vidole. Siku zake zingeanza Jumatano.

Jumatano ikafika, na hedhi nayo haikuchelewa. "Leo naenda, liwalo na liwe," Kitinda akajiambia. Akajipanga kwa akili yake mwenyewe. Alivaa chupi nyeusi, akidhani nyeusi inaficha. Akaweka pedi mbili, moja juu ya nyingine. Chai hakuigusa, ili asihitaji kwenda chooni.

Utauliza, choo kina kosa gani? Choo hakina kosa. Kosa lilikuwa kwenye ubao. Mlangoni mwa chumba cha kupimia palikuwa na ubao mweupe wa kuandikia kwa wino mweusi, na kila aliyetoka alitakiwa kuandika jina, saa na sababu. Wanaume waliandika "haja ndogo" wakaenda zao. Sasa Kitinda aandike nini pale, kila mtu asome? Akaona bora ajibane. Akakaa na pedi zilezile tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri.

Alipoinuka kwenye kigoda, akajua. Akageuza shingo akatazama. Doa lilikuwa pale, jekundu, kubwa kama kifuniko cha chupa. Akaubana mgongo wake ukutani mpaka wenzake wote walipotoka. Kisha akafunga sweta kiunoni, akaenda nyumbani bila kumsalimu mtu.

Kumpelekea dobi wa kiwanda doa lile aliona haya, basi nyumbani akafanya alichofundishwa kiwandani. Kule, kila chombo kilichogusa maziwa husafishwa kwa maji yanayochemka. Basi na yeye akateleka sufuria, akaitumbukiza suruali, akaiacha itokote. Alipoitoa, doa lilikuwa limegeuka kahawia, limeng'ang'ania kama kupe. Akasugua mpaka vidole vikauma. Wapi.

"Mama, halitoki."

"Basi kesho usiende," mama akasema kwa upole. "Kazi ziko nyingi."

Kitinda alijua kazi haziko nyingi. Na hata zingekuwa nyingi, yeye alikuwa anaitaka hii. Alilia kidogo, akanawa uso, akaiandaa ile sare yake ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho.

Alhamisi aliwahi kufika kuliko wote, ile suruali yenye doa ikiwa ndani ya mfuko. Akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia. Humo alikuwamo dobi wa kiwanda, mama mmoja mcheshi ambaye mikono yake haikauki. Kwa sababu hiyo wafanyakazi walimwita Bi Povu.

"Shikamoo, Bi Povu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeubana huo mfuko kama umeiba kuku?"

Kitinda akaufungua. Bi Povu akaitoa suruali, akaigeuza huku na huku, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Umeipika," alisema.

"Nimeichemsha ili itakate. Si ndivyo tunavyofanya na makopo?"

"Kopo ni kopo. Damu ni kama yai, mwanangu. Yai bichi likimwagika, maji ya baridi yanaliondoa. Ukilichemsha, linaganda. Doa la damu halipikwi. Ni maji ya baridi na sabuni, mapema, kabla halijakauka. Kama limeshakauka, loweka kwanza kwenye maji ya baridi yenye chumvi kidogo, ndipo ufue. Hii yako nitaihangaikia, ila siahidi."

Kitinda akacheka naye, mara ya kwanza tangu jana yake. Halafu machozi yakamlenga.

"Leo ni siku ya pili, ndiyo nzito," alisema. "Natamani kurudi nyumbani. Lakini nikirudi, kazi imekwenda."

"Urudi ukafanye nini? Hedhi si ugonjwa. Mwili unafanya kazi yake, na wewe fanya yako. Hebu niambie, jana ulijipangaje?"

Kitinda akamweleza yote, tangu chupi nyeusi mpaka chai aliyoiacha mezani. Bi Povu alisikiliza huku akitikisa kichwa.

"Pedi mbili ni kujitafutia joto tu," akasema. "Pedi ina nailoni chini yake. Ya juu ikijaa, damu haipiti kwenda kwenye ya pili, inakimbilia pembeni. Vaa moja, ikae sawasawa, uibadilishe kila baada ya saa nne mpaka sita. Siku nzito kama leo, mapema zaidi. Na unawe mikono kabla na baada, maana unashika maziwa ya watu."

"Na chupi?"

"Nyeusi ndani ya nyeupe inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hata nyeupe ndani ya nyeupe huonekana. Vaa inayokaribia rangi ya ngozi yako, iliyobana kiasi, pedi isiteleze. Juu yake uvae kaptula laini ya rangi hiyohiyo. Na chai unywe. Kujinyima maji hakupunguzi damu, kunakuumiza kichwa bure."

"Tumbo likiuma?"

"Kanda kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Lakini kama pedi inalowa chepechepe kila saa, au siku zinapita saba, au maumivu yanakulaza kitandani, usijikaze kisabuni. Nenda kituo cha afya."

"Mimi sifiki huko, Bi Povu. Mimi ni woga tu."

Bi Povu akafungua kabati lake. Ndani mlikuwa na pedi, na kaptula mpya za kuvaa ndani, zimekunjwa vizuri. Akampa Kitinda kaptula moja na pedi kadhaa.

"Unadhani uko peke yako?" akamuuliza. "Sare zote za hapa zinapita mikononi mwangu. Wanawake kumi na mmoja, na kila mwezi nafua siri zao. Mmoja anajificha kwa mwenzake, na wote wana jambo moja."

Miezi mitatu Kitinda alikuwa anadhani ni yeye tu.

"Sasa na ule ubao?" akauliza.

"Ubao una mwenyewe. Mwambie."

"Nimwambie mwanaume mambo haya?"

"Kwani yeye alizaliwa na kopo?"

Kitinda akavaa, akanywa kikombe cha chai cha Bi Povu, akaenda. Alimkuta msimamizi mezani.

"Naomba kutoka kila baada ya saa tatu au nne bila kuandika sababu. Niko kwenye hedhi. Zile siku nne nilizokosa, halikuwa tumbo. Niliogopa kuchafua nyeupe."

Msimamizi akatazama dari. Akatazama kalamu yake. Dari tena.

"Kwa nini hamkuniambia?" hatimaye akasema.

"Ubao wako, bosi, unasomwa na kila mtu."

Msimamizi akajikuna shingo. "Ile sehemu ya sababu niliiweka kwa ajili ya wavuta sigara," alisema kwa aibu. "Nyinyi sikuwafikiria kabisa."

Akainuka, akaenda mlangoni, akaifuta sehemu hiyo kwa kiwiko cha koti lake. Neno "sababu" likatoka ubaoni, likahamia kwenye koti. Msimamizi wa palipo peupe akashinda siku nzima na kiwiko cheusi, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku ile Kitinda alibadilisha pedi mara tatu, akanawa, akarudi kwenye vipimio vyake. Alipima makopo hamsini na mawili. Aliinama, akachuchumaa, akapanda ngazi, na hakugeuza shingo kujitazama. Ijumaa ilikuwa hivyohivyo. Jioni msimamizi akamkabidhi barua ya ajira na kumpa mkono mbele ya wenzake. Kitinda alikimbia nayo mpaka nyumbani, buti na yote.

Akaisoma sebuleni kwa sauti. Kisha akaeleza habari nzima, maana aibu alikuwa ameiacha kwa Bi Povu. Kaka yake alisikiliza, akainyakua suruali nyeupe, akaiinua dirishani.

"Kitambaa chenyewe ni chepesi mno," alisema. "Mkono wangu wote unaonekana. Nitakuwekea bitana, kitambaa cha pili kwa ndani, sehemu ya kukalia. Na pedi za kitambaa naweza kukushonea, mradi ufue kwa sabuni na uanike juani zikauke kabisa."

"Utashona pedi, wewe?"

"Nashona mapazia ya watu nisiowajua, nishindwe kumshonea dada yangu?"

Wakacheka. Bitana ile ilimfaa sana. Miezi miwili baadaye kiwanda kikamletea fundi suruali za wanawake wote, azishonee bitana kama ile. Kitinda naye akawa anatia alama siku zake kwenye kalenda ya ukutani, ili hedhi isimkute hajajiandaa.

Lakini Ijumaa ile, wao wakicheka, mama aliichukua barua, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi niliwahi kuvaa nyeupe," akasema.

Watoto wakageuka. Hawakuwahi kusikia habari hiyo.

"Nilikuwa mhudumu hospitalini, kabla sijawazaa. Siku moja nikapata doa, saa sita mchana, wodi imejaa watu. Nikatoka mlangoni, sikurudi tena. Nikawaambia watu ile kazi siipendi." Akainyoosha barua kwa kiganja. "Niliipenda."

Kitinda akamkumbatia mama yake kwa nguvu. Mama akaikunja ile barua taratibu.

"Kumbe ilikuwa maji ya baridi tu," alisema.

Kisha mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na tabasamu likamponyoka.

"Haya, fundi," akamwambia mwanawe, "chukua futi unipime. Mimi siku zangu zilishakoma. Nishonee nyeupe kuanzia kichwani mpaka soksi, na bitana sitaki."